Unaanza Mwekundu au Unaishia Mwekundu?

Mdogo wangu alianza kukojoa damu akiwa kidato cha pili, na kwa zaidi ya mwaka mzima hakuna mtu mzima aliyeshtuka. Sisi ni watu wa ziwani. Kijiji chetu kiko kwenye mwambao wa Nyasa, kati ya Mbamba Bay na Liuli, eneo ambalo lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbinga hadi Wilaya ya Nyasa ilipomegwa mwaka 2012. Mvulana wa huku akikojoa damu, jina la ugonjwa hutajwa kabla hajamaliza kueleza: kichocho. Nusu ya darasa lake walikuwa wameshaugua. Wengine walikuwa wakishindana nani mkojo wake mwekundu zaidi, na wapo wazee waliokuwa wakisema ni dalili ya kukua tu, kwamba mvulana naye ana siku zake. Imani hiyo imeandikwa sehemu nyingi za Afrika penye ugonjwa huu, hatukuizua sisi.

Basi akapelekwa kwenye zahanati, akasimamishwa kando ya kile kijiti cha kupimia urefu, na kwa kuwa alikuwa amerefuka ghafla kama muhogo wa kivulini, akapewa vidonge vinne. Akala ugali, akavimeza, akasikia kizunguzungu na kichefuchefu, akalala. Baada ya miezi mitatu damu ikarudi. Akapewa tena. Ikarudi. Mara ya tatu mama aliambiwa amzuie mtoto kuogelea, jambo ambalo kwa mtoto wa ziwani ni sawa na kumwambia asitembee.

Mtu wa kwanza kuuliza swali lenye maana alikuwa mzee mmoja wa kijijini, tabibu mstaafu, ambaye watoto wote humwita Babu. Mdogo wangu alikwenda kwake kwa shughuli nyingine kabisa, kuchukua nyavu za kushona. Wakazungumza, neno likazaa neno, mpaka kijana akasema anaumwa ubavu wa kushoto akikimbia.

"Na mkojo?"

"Una damu, Babu. Kichocho."

"Nani kakwambia kichocho? Unaanza mwekundu au unaishia mwekundu?"

Mdogo wangu akafikiri. "Wote, Babu. Toka mwanzo mpaka mwisho."

Babu akamtuma alete bilauri tatu za kioo. Akamwambia akojoe kidogo katika ya kwanza, nyingi katika ya pili, na matone ya mwisho katika ya tatu. Zote tatu zilikuwa na rangi moja, ya chai ya rangi iliyokolea. Babu akazitazama kwenye mwanga wa dirisha, akasema hiyo damu haitoki kwenye kibofu, inatoka juu zaidi, na minyoo ya kichocho makazi yake ni kwenye kibofu.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma historia ya mkojo mwekundu kama mtu anayesoma barua za familia. Nilitaka kujua kwa nini swali jepesi kiasi kile, lisilohitaji hata umeme, halikuulizwa kwa mwaka mzima.

*

Lazima nianze na kichocho chenyewe, kwa sababu hakikuonewa. Ni kweli ndicho kinachowamwaga watu damu huku, na ukikitazama vizuri ni ugonjwa wa mishipa ya damu kuliko wengi wetu tunavyofikiri.

Mwaka 1851, katika hospitali ya Kasr el Aini mjini Cairo, daktari kijana wa Kijerumani, Theodor Bilharz, alikuwa akipasua maiti na kutazama ndani ya vena kubwa iendayo kwenye ini. Akakuta minyoo myeupe, myembamba, ikielea kwenye damu. Alipoiweka chini ya hadubini aliona jambo la ajabu: dume lilikuwa na mfereji mwilini, na ndani ya mfereji ule alilala jike, mwembamba zaidi, amekumbatiwa. Wanaishi hivyo, wawili wawili, ndani ya mshipa wa damu, kwa miaka. Bilharz aliihusisha minyoo hiyo na damu iliyokuwa ikionekana kwenye mikojo ya Wamisri, ugonjwa ambao askari wa Napoleon walikuwa wamekutana nao nusu karne nyuma na kurudi nao Ufaransa. Yeye mwenyewe hakuishi kuona mwisho wa hadithi. Alikufa Cairo mwaka 1862, akiwa na umri wa miaka 37, baada ya kuugua homa akitokea safari ya Massawa.

Ugonjwa ulikuwa mkongwe kuliko daktari wake. Mwaka 1910 Marc Armand Ruffer alilowesha vipande vya figo za maiti za kale zilizokaushwa za Misri, za zaidi ya miaka 3,000, akakuta ndani yake mayai yenye mwiba mmoja nchani. Mwiba ule ndio shina la habari yote. Minyoo ya aina hii hukaa kwenye vena ndogondogo zinazozunguka kibofu. Jike hutaga kila siku, na mayai lazima yatoke nje ya mshipa, yapenye ukuta wa kibofu, yaingie kwenye mkojo na kufika majini. Yanapopenya, yanachana. Kibofu kinapojibana kumalizia mkojo, damu hutoka. Ndiyo maana mgonjwa wa kichocho mara nyingi huanza na mkojo wa kawaida na kumalizia na matone mekundu. Neno lenyewe, kichocho, masikioni mwangu linabeba kuchocha, kudungadunga. Sina hakika kama wataalamu wa lugha watakubali, lakini aliyewahi kuumwa atakubali.

Mayai mengine hayatoki. Hubaki kwenye ukuta wa kibofu, yanageuka kuwa magumu kama chokaa, na kwa miaka mingi yanaweza kuziba mirija inayoshuka kutoka kwenye figo au kuleta saratani ya kibofu. Kwa wanawake hukwama kwenye shingo ya kizazi na uke, na hapo uongo mwingine huzaliwa: msichana anatokwa damu, anahisiwa zinaa. Kwa hiyo sizungumzii ugonjwa wa kuchekewa.

*

Pale Liuli kuna mwamba unaotoka majini, ambao Wajerumani waliuona unafanana na Sphinx ya Misri, wakaiita bandari Sphinxhafen. Nikiwa mtoto nilijua jina hilo kwa sababu ya vita tu. Tarehe 13 Agosti 1914, meli ya Waingereza, Gwendolen, ikiongozwa na Kapteni Rhoades, ilivuka ziwa na kuipiga mizinga meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ikiwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa. Husimuliwa kwamba kapteni wa Kijerumani, Berndt, hakuwa na habari kwamba vita imeanza, na kwamba hao wawili walikuwa marafiki wa kunywa pamoja. Ndiyo inayotajwa kuwa mapigano ya kwanza ya meli katika Vita Kuu ya Kwanza. Siku hizi nikipita pale nafikiri jambo jingine: kwamba walileta jina la Misri mahali ambapo ugonjwa wa Misri ulikuwa ukisubiri mlango wa pili.

Hata hivyo mkojo uliowatia hofu wageni wa wakati ule haukuwa wa kichocho. Ulikuwa mweusi. Mmisionari au ofisa aliyekuwa na malaria ya mara kwa mara, akinywa kwinini leo na kuiacha kesho, angeweza kuamka na baridi kali, manjano machoni, na mkojo wa rangi ya kahawa. Wengi walikufa katika siku chache. Homa ya mkojo mweusi ilikuwa hofu ya kila nyumba ya misheni kandokando ya maziwa. Kuna makaburi yake Likoma na kwingineko, na wale waliodumu, kama William Percival Johnson wa misheni ya Kianglikana ya UMCA, aliyelitumikia ziwa hili kwa miongo hadi akafa Liuli mwaka 1928, walizika wenzao wengi.

Robert Koch, yuleyule aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu, alifika Dar es Salaam mwaka 1897 na kukaa hadi mwaka uliofuata. Kati ya mambo aliyoyachunguza ilikuwa homa hiyo. Akatoa hoja iliyowaudhi madaktari wengi: kwamba dawa yenyewe, kwinini, ndiyo inayowaua. Hakuwa sahihi kabisa na hakukosea kabisa. Malaria na kwinini isiyonywewa kwa mpango, kwa pamoja, hupasua chembe nyekundu zikiwa bado ndani ya mishipa, na hemoglobini iliyomwagika huchujwa na figo. Ukiweka mkojo ule chini ya hadubini huoni chembe za damu. Una rangi ya damu bila damu. Kwinini ilipoachwa kama kinga katikati ya karne iliyopita, homa ile ikapungua mno, na leo vijana wengi wa Mbinga hawajawahi kuisikia.

Nimeitaja kwa sababu moja. Koch alithubutu kuuliza: je, tunachokiita ugonjwa na tunachokiita dawa, tumevipanga sawasawa? Swali hilo ndilo lililokosekana kwetu karne moja baadaye.

*

Nasema mlango wa pili kwa sababu, kwa muda mrefu, ziwa letu lilisifiwa kuwa safi. Mwaka 1915 Robert Leiper alionyesha Misri kwamba minyoo hii haipiti moja kwa moja kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Lazima ipite kwa konokono wa maji baridi. Wajapani wawili, Miyairi na Suzuki, walikuwa wamethibitisha jambo hilo mwaka 1913 kwa aina ya kwao. Yai likifika majini hupasuka, mtoto wake huogelea kumtafuta konokono, na baada ya wiki kadhaa konokono huyo huachia maelfu ya vijidudu vyenye mkia uliogawanyika, ambavyo hupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini. Konokono aliyejulikana kubeba kichocho, jamaa wa Bulinus, alipenda maji yaliyotulia yenye majani: vijito, madimbwi, mabwawa. Ziwa lenye mawimbi na mchanga mtupu halikuwa makazi yake. Kwa hiyo wageni waliambiwa fukwe za wazi hazina hatari, na walioogelea waliogelea.

Mwaka 1992 Wamarekani wawili wa kujitolea, wa Peace Corps, waliugua baada ya kuogelea Cape Maclear upande wa Malawi. Hawakuanza na mkojo. Mayai yalikuwa yamepotea njia na kukwama kwenye mfumo wao wa fahamu. Wachunguzi walipofika na kuwapima damu wageni waliokuwa wakiishi Malawi, karibu theluthi moja walikuwa na alama za kichocho. Makala ikatoka kwenye jarida la Lancet mwaka 1996, na sifa ya usafi wa ziwa ikaisha. Nikiri kwamba kila nikisoma habari hiyo napata kinyongo kidogo. Watoto wa pwani zote za ziwa hili walikuwa wakikojoa damu kabla ya hapo, lakini ziwa lilihesabiwa kuwa chafu siku mgeni alipougua.

Uchunguzi uliofuata ulileta jambo la kuvutia zaidi. Yupo konokono mwingine, Bulinus nyassanus, ambaye duniani kote anapatikana katika ziwa hili peke yake. Yeye anapenda mchanga wa wazi na hujifukia ndani yake. Katika miaka ya mwanzo ya 2000 watafiti walithibitisha, upande wa kusini, kwamba na yeye hubeba kichocho. Kwa nini hakuwa tatizo zamani? Maelezo waliyotoa ni samaki. Wapo samaki wa mchangani, mmojawapo Trematocranus placodon, wenye meno mapana kooni ya kusagia konokono. Nyavu zilipozidi ufukweni, hasa nyavu za macho madogo za kukokota kutoka nchi kavu, samaki hao walipungua, konokono wakazidi, na damu ikazidi kwenye mikojo ya watoto. Mkataba wa mwaka 1890 uliweka mpaka wa ziwa hili mahali ambapo serikali mbili zinabishania mpaka leo. Konokono na samaki hawakutia saini.

*

Sasa dawa, maana ndiyo iliyotufikisha tulipofika. Mwaka 1918 J. B. Christopherson, akiwa Khartoum, alitangaza kwamba antimoni ikidungwa kwenye mshipa inaua minyoo ya kichocho. Iliua kweli. Ilihitaji sindano nyingi kwa wiki kadhaa, ilitapisha, na wakati mwingine ilisimamisha moyo. Kwa tiba kama hiyo daktari hakuthubutu kubahatisha. Alitafuta yai kwanza. Alikusanya mkojo kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati mayai yanapotoka kwa wingi, akautuliza, akachukua masimbi, akakaa kwenye hadubini mpaka auone ule mwiba.

Katika miaka ya 1970 ikaja prazikwanteli. Ilitoka kwa makampuni ya Kijerumani, E. Merck na Bayer, na ilikuwa kila kitu ambacho antimoni haikuwa: vidonge, dozi ya siku moja, salama, na baadaye rahisi kiasi cha kugawiwa bure shuleni. Tanzania ilianza kampeni kubwa za shule katikati ya miaka ya 2000. Walimu walipewa vijiti vya kupimia urefu, kwa sababu mizani ni nzito kubeba na huharibika, na mamilioni ya watoto wakameza vidonge bila kupimwa mkojo mmoja mmoja. Huo haukuwa uzembe. Panapokuwa na ugonjwa kwa wengi, kumpima kila mtoto ni gharama kuliko kumtibu.

Lakini tabia ya kampeni ilihamia kwenye chumba cha mgonjwa. Dawa ikawa ndiyo kipimo: meza, tukuone. Ukipona, kilikuwa kichocho. Usipopona, kilikuwa kichocho kilichorudi, kwa sababu umerudi majini. Hakuna jibu ambalo lingeweza kuwa "hapana". Mazoea yana taabu, na taabu ya mazoea haya ni kwamba mara tisa kati ya kumi, au zaidi, yako sahihi.

*

Damu ya mdogo wangu ilikuwa katika ile mara iliyobaki. Babu aliandika barua kwa mkono, ukurasa mmoja, akaikunja, akasema tusikubali vidonge tena mpaka mtu atazame mkojo kwenye hadubini mchana. Ulitazamwa. Chembe nyekundu tele, yai hata moja. Ukarudiwa siku mbili nyingine. Hakuna.

Kitu cha pili alichotaka kipimwe kilikuwa selimundu. Hili sikulielewa, maana mdogo wangu hakuwahi kuumwa viungo wala kuongezewa damu. Babu akaeleza kwamba kuna watu wenye nusu tu ya urithi huo, wanaoishi miaka yote bila kujua, isipokuwa kwamba ndani kabisa ya figo, mahali ambapo damu hupita polepole, hewa ni kidogo na chumvi ni nyingi, chembe zao hujikunja kama mundu, huziba mishipa midogo, na nyama ya pale inakufa na kutoa damu bila maumivu. Baadaye nilisoma kwamba urithi huu una historia yake hapa Afrika Mashariki: Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba nusu ya selimundu humkinga mtoto dhidi ya malaria, ndiyo maana umeenea palepale penye malaria. Yaani kitu kilekile kilichomwokoa bibi asife utotoni kinaweza kumfanya mjukuu akojoe damu. Na nilisoma pia kwamba wagonjwa hao hutokwa damu kwenye figo ya kushoto mara nyingi zaidi kuliko ya kulia.

Kipimo kikatoka: hana selimundu, hata nusu. Lakini lile neno, kushoto, likabaki.

Mjomba wetu wa Mbinga aliuza kahawa yake mapema, kwa bei ambayo bado inamuuma, na tukapanda basi kwenda Dar es Salaam. Ilipigwa altrasaundi inayopima mwendo wa damu, kisha picha za CT kwa dawa ya kung'arisha mishipa. Daktari alizipanga kwenye kompyuta na kutuonyesha kwa kalamu. Mbele ya uti wa mgongo unashuka mshipa mkuu, aota. Kutoka kwenye aota huchomoza ateri ya utumbo, ambayo hushuka mbele yake kama tawi lililolegea, na kati yao pana pembe. Vena ya figo ya kulia ni fupi, inaingia moja kwa moja kwenye vena kuu. Ya kushoto lazima ivuke hadi upande wa pili, na njia yake ni katika ile pembe. Kwa watu wengi pembe ni pana na ina mafuta ya kutosha, vena inapita kwa raha. Kwa mdogo wangu, ilibanwa ikawa kama uzi, na nyuma ya mbano imevimba. Damu inayoshindwa kutoka kwenye figo huongeza shinikizo, na vena ndogo kabisa, zile zinazopakana na mahali mkojo unapokusanyika, hupasuka.

Wazungu wana kifaa cha mezani cha kubania kokwa ngumu mpaka zipasuke, na ugonjwa umeitwa kwa jina la kifaa hicho. Mtaalamu wa anatomia aitwaye Grant ndiye aliyetoa mfano huo mwaka 1937, akieleza umbo tu, bila mgonjwa yeyote. El-Sadr na Mina waliuelezea kwa wagonjwa mwaka 1950, na jina la kokwa na kifaa chake likashika baada ya makala ya De Schepper, Mbelgiji, mwaka 1972. Mimi ningeufananisha na mkasi wa popoo. Hupatikana zaidi kwa vijana wembamba waliorefuka haraka, ambao mafuta ya ndani hayajawahi kulingana na mifupa.

Daktari akamuuliza mdogo wangu, huku akinitazama kama anayeniomba nitoke, kama ana uvimbe wowote kwenye korodani ya kushoto. Nikatoka. Alikuwa nao, tangu kidato cha kwanza, na hakumwambia mtu. Vena ya korodani ya kushoto humwaga damu yake kwenye vena ya figo ya kushoto. Ikibanwa hapa, inajaa kule. Zahanati haikuuliza, na yeye angejibu nini, mbele ya mama na foleni?

Zipo sababu nyingine za jamii hii. Ateri na vena ndani ya figo zinaweza kuungana moja kwa moja bila mishipa midogo katikati, ama kwa kuzaliwa, ama baada ya kuchomwa kisu au sindano. Ukuta wa ateri ya figo unaweza kututumka. Vena ya figo inaweza kuzibwa na damu iliyoganda. Ni magonjwa adimu kiasi kwamba tabibu wa zahanati anaweza kustaafu bila kuona hata moja, na siwezi kumlaumu yeyote kwa kutoyafikiria. Ninachokihesabu ni kitu kidogo zaidi: swali la mwanzo na mwisho, na bilauri tatu. Swali lile lisingetaja jina la ugonjwa, lakini lingesema wapi pa kutazama. Tangu Max Nitze alipotengeneza, mwaka 1879, chombo cha kutazamia ndani ya kibofu kwa taa, madaktari wameweza kuona damu ikichuruzika kutoka tundu la figo moja na si jingine. Bilauri za Babu zinafanya robo ya kazi hiyo dirishani.

Nilitegemea upasuaji. Unafanyika, vena inaweza kuhamishwa au kuwekewa kibomba cha kuitanua. Daktari alisema tusubiri. Kwa umri wake, alisema, mara nyingi mwili wenyewe hujaza pembe ile mtu akinenepa. Akaandika kwenye cheti, chini ya majina yote makubwa, kwamba mgonjwa ale, na aje baada ya miezi sita. Mdogo wangu aliona aibu kusafiri usiku na mchana kuja kuambiwa ale.

Mama alilichukua agizo lile kama amri ya serikali. Mbasa wa kukaanga, usipa na karanga, ugali wa muhogo mara mbili usiku, maziwa kutoka kwa mjomba. Kila nikirudi likizo nilimkuta amepandishwa kwenye mizani ya kupimia mahindi ya jirani. Kilo 48. Kilo 53. Damu ilirudi mara mbili katika mwaka wa kwanza, mara moja katika wa pili, kila mara baada ya mpira wa miguu. Vidonge vya kichocho alimeza tena pamoja na shule nzima kampeni ilipopita, na ilikuwa sawa kabisa, maana anaogelea kila siku.

Babu hakuacha kudai bilauri zake. Alikufa kabla ya kilo 60, na bilauri mbili tulizirudisha siku ya arobaini. Ya tatu mdogo wangu aliomba abaki nayo. Krismasi iliyopita nilimkuta uani asubuhi, amesimama upande wa jua na bilauri mkononi, ameinyanyua usawa wa macho.

"Vipi?" nikamuuliza.

"Njano," akasema, akaimwaga kwenye migomba.